Kazi ya Kocha Msaidizi na Njia ya Kuifikia

Mchezo wa mpira ukimalizika, watazamaji huuliza nani kafunga. Na timu ikishindwa mara tatu huanza kuuliza kocha ataondolewa lini. Ni wachache sana waulizao habari za mtu yule wa pili aketiye kando ya kocha, mwenye kalamu na kijidaftari, ambaye kila baada ya dakika chache humwinamia mkubwa wake na kumnong'oneza neno. Mtu huyo ndiye kocha msaidizi. Katika toleo hili tumependa kueleza kazi yake ni nini, na mtu huifikia kwa njia gani.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika kila darasa la shule yetu wako vijana wadhaniao kuwa katika mpira kuna mlango mmoja tu, mlango wa mchezaji maarufu. Na nyumbani wako wazazi wadhaniao kuwa mlango huo ukifungwa, mtoto amekwisha kupoteza miaka yake bure. Wazazi wana haki ya kuogopa, maana vijana walioacha shule kwa ajili ya mpira, kisha wakaukosa mpira pia, tunawajua sote. Lakini milango iko zaidi ya mmoja, na huu wa kocha msaidizi hufunguliwa kwa sehemu kubwa na mambo yale yale yafundishwayo darasani.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Wengine hudhani kocha msaidizi ni mbebaji wa mipira na fulana. Kubeba kumo, hapana ubishi, hasa katika vilabu vidogo. Lakini siku yake huanza kabla wachezaji hawajafika. Hukutana na daktari wa timu na mchua misuli ili ajue nani ameamka na maumivu. Huketi na kocha mkuu wakapanga mazoezi ya siku ile: watacheza wangapi kwa wangapi, katika eneo la ukubwa gani, kwa dakika ngapi, na kwa shabaha ipi. Ndipo hutoka akazipanga koni uwanjani. Mazoezi yakianza, mara nyingi kocha mkuu husimama mbali akitazama, na msaidizi ndiye awaye katikati ya vumbi, filimbi mdomoni. Mchana hutazama picha za michezo ya wapinzani, akaandika jinsi wapigavyo kona na wapi beki wao huacha nafasi. Vilabu vyenye fedha huajiri wasaidizi kadha wa kadha, huyu wa makipa, huyu wa mazoezi ya viungo, huyu wa mipira ya kona na ya adhabu. Klabu maskini humpa mtu mmoja mzigo wote.

Hayo yote hujifunzika. Lililo gumu ni mahali asimamapo, kati ya kocha mkuu na wachezaji. Mchezaji aliyeachwa nje ya kikosi hamwendei kocha mkuu kumlalamikia, humwendea msaidizi. Aliyefiwa, aliyegombana na mkewe, aliyesikia kuwa klabu nyingine yamtaka, wote humwendea yeye. Naye lazima ajue neno gani alifikishe juu na neno gani alizike. Akifikisha kila neno, wachezaji watamwona mpelelezi. Akificha kila neno, mkubwa wake atamwona msaliti. Tena iko siku kocha mkuu atakapopanga jambo ambalo msaidizi aliona ni kosa. Siku hiyo yampasa amwambie waziwazi, lakini mlango ukiwa umefungwa; na mkubwa akikataa, yampasa atoke nje alifundishe jambo lile kwa moyo wote, kana kwamba lilikuwa wazo lake mwenyewe. Hapo ndipo wengi hushindwa, na sidhani kuwa iko shule iwezayo kumfundisha mtu jambo hilo kwa wiki mbili.

Mfano bora tuujuao wa kazi hii ni wa Bob Paisley wa Liverpool, na inafaa tuueleze kwa urefu. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Hetton-le-Hole, jimbo la Durham, kaskazini mwa Uingereza, mahali pa machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Yeye alianza kujifunza uashi, huku akichezea timu ya ridhaa ya Bishop Auckland. Mwezi wa Mei 1939 alijiunga na Liverpool; miezi minne haijapita sawasawa, Vita Kuu ya Pili ikaanza, naye akaenda kupigana Afrika ya Kaskazini na Italia katika kikosi cha mizinga. Alipocheza mchezo wake wa kwanza wa mashindano, mwaka 1946, umri wake ulikuwa karibu miaka 27. Mwaka uliofuata Liverpool ilichukua ubingwa wa Uingereza, na Paisley alikuwamo.

Mwaka 1950 likampata jambo ambalo hakulisahau. Katika nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool ilikutana na jirani zake Everton ikawashinda 2–0, na bao moja alilifunga Paisley. Lakini siku ya fainali Wembley jina lake halikuwamo katika kikosi. Liverpool ikafungwa na Arsenal 2–0 naye akitazama tu. Miaka mingi baadaye, ilipokuwa zamu yake kuwaacha wengine nje, alijua kwa hakika mtu wa namna hiyo huumia wapi.

Aliacha kucheza mwaka 1954, akapewa kazi ya kuangalia timu ya akiba. Basi akafanya nini? Akajiandikisha kusoma utibabu wa viungo kwa njia ya posta. Mtu aliyekwisha kuchukua ubingwa wa Uingereza aliketi usiku na vitabu vya mifupa na misuli kama mtahiniwa wa kidato cha nne! Elimu ile ndiyo iliyomfaa maisha yake yote. Alipata sifa ya kumtazama mchezaji anavyotembea tu na kujua kuwa goti lake linakaribia kuharibika. Mwaka 1959, mwezi wa Agosti, alipandishwa akawa mwalimu wa mazoezi wa timu ya kwanza.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule klabu ikaleta mkuu mpya, Bill Shankly, mtu wa Scotland. Wakati ule Liverpool ilikuwa katika daraja la pili. Ilikuwa desturi, na mpaka leo ni desturi, kwamba mkuu mpya huja na watu wake na wale wa zamani hupewa mkono wa buriani. Shankly hakufanya hivyo. Aliwaambia Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett kuwa kazi zao ziko salama, bali alitaka uaminifu wao. Wakampa. Katika miaka iliyofuata timu ilipanda daraja mwaka 1962, ikachukua ubingwa mwaka 1964, 1966 na 1973.

Wasaidizi hawa walikuwa na chumba chao ndani ya uwanja wa Anfield, chumba kidogo kilichotundikwa viatu vya wachezaji, nacho kikaitwa Chumba cha Viatu. Walikalia makreti ya bia yaliyopinduliwa. Baada ya kila mchezo walikaa humo wakasema kweli tupu juu ya kila mchezaji, na walimu wa timu pinzani walikaribishwa wanywe pamoja nao. (Wao walikunywa bia, kwetu chai itatosha.) Mgeni akiisha kustarehe hueleza mengi, nani amechoka katika timu yake, kijana gani wa daraja la chini anafaa kununuliwa, na wenyeji wale walisikiliza zaidi kuliko walivyosema. Tena walikuwa na madaftari. Kila siku iliandikwa mazoezi gani yamefanywa, hali ya hewa ilikuwaje, na nani ameumia wapi. Timu ilipoharibika mwezi wa Novemba, walifungua daftari wakatazama mwaka uliopita walifanya nini mwezi kama huo. Mazoezi yao yenyewe yalikuwa mepesi kueleza: vijana wachache kwa wachache katika eneo dogo, toa pasi, sogea, pokea tena.

Kati ya Shankly na Paisley kazi iligawanyika bila kuandikwa popote. Shankly alikuwa mtu wa maneno ya moto. Paisley alisema kidogo na kuona sana. Shankly hakupenda kabisa habari za wachezaji wagonjwa. Paisley ndiye aliyewatibu. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1965 dhidi ya Leeds, mchezo ulikuwa umeanza dakika chache tu beki Gerry Byrne alipogongwa. Paisley alikimbia uwanjani na vifaa vyake, akatambua kuwa mfupa wa mtulinga umevunjika. Siku zile hapakuwa na ruhusa ya kuingiza mchezaji wa akiba. Jambo likafichwa ili wapinzani wasijue, na Byrne akacheza na mfupa uliovunjika mpaka mwisho wa dakika 120, akatoa hata pasi iliyozaa bao la kwanza. Liverpool ikashinda 2–1. Watu husimulia kisa hiki kwa kusifu ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Lakini mwalimu wa leo atakayefanya vile na mwanafunzi wetu atakuwa na maswali ya kujibu mbele ya mzazi na daktari.

Mwezi wa Julai 1974 Shankly aliwashangaza watu wote kwa kujiuzulu. Klabu ikamwomba Paisley ashike mahali pake. Alikuwa na miaka 55, amekuwa chini ya wakubwa miaka 20, na hakuitaka kazi ile. Hata wachezaji aliwaambia kuwa hakuitafuta. Mwaka wa kwanza hakuleta kombe. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Lakini mtu aliyezoea kutazama aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Siku ile ile Shankly alipojiuzulu, klabu ilikuwa imemnunua Ray Kennedy kutoka Arsenal, mshambuliaji mkubwa wa mwili, ambaye pale mbele hakuwa akifaa sana tena. Paisley akamrudisha nyuma kidogo, akamweka kiungo wa kushoto, na Kennedy akawa mmoja wa viungo bora wa Ulaya. Katika miaka tisa Paisley alichukua ubingwa wa Uingereza mara 6 na Kombe la Ulaya la vilabu bingwa mara 3, mwaka 1977, 1978 na 1981. Lile la kwanza alilichukua Rome, mji alioingia mwaka 1944 akiwa askari.

Alipostaafu mwaka 1983 hawakutafuta mtu mbali. Joe Fagan, msaidizi mwenzake wa chumba kile kile, alichukua makombe matatu katika mwaka wake wa kwanza, likiwamo la Ulaya. Na wa tatu wa kumtaja ni Roy Evans. Huyu ndiye ningependa vijana wetu wamfikirie sana, maana alikuwa mchezaji wa kawaida aliyepata michezo michache tu katika timu ya kwanza. Mwaka 1974, akiwa na miaka 25, aliombwa aache kucheza na afundishe timu ya akiba. Fikiri uchungu wa kijana kuambiwa hivyo na miguu bado mizima. Alikubali, mwaka 1994 akawa mkuu wa Liverpool. Sanamu ya Paisley iliyowekwa nje ya uwanja wa Anfield mwaka 2020 yamwonyesha amembeba mgongoni Emlyn Hughes, mchezaji aliyeumia, kama ilivyokuwa kweli mwaka 1968 alipokuwa bado msaidizi.

Lakini tusidanganyane kuwa kila msaidizi mzuri huwa mkuu mzuri. Peter Taylor alikuwa msaidizi wa Brian Clough, na wawili hawa waliipa Derby ubingwa wa Uingereza mwaka 1972, kisha Nottingham Forest mwaka 1978, na Kombe la Ulaya mwaka 1979 na 1980. Taylor alikuwa na jicho la kutambua mchezaji; Clough alikuwa na ulimi na uthabiti. Katikati ya miaka hiyo Taylor alijaribu kuwa mkuu peke yake pale Brighton, hakupandisha timu, akarudi kwa mwenzake mwaka 1976. Mwishowe walikosana kwa habari ya mchezaji mmoja mwaka 1983, na Taylor alifariki mwaka 1990 hawajapatana. Clough naye baada ya kuachana na Taylor hakuchukua tena ubingwa wala Kombe la Ulaya.

Labda msomaji atasema, hao wote walikuwa wachezaji kwanza. Ndivyo, na bado ndiyo njia ya wengi. Lakini iko njia nyingine. José Mourinho wa Ureno hakuwa mchezaji wa maana. Alisoma elimu ya michezo katika chuo cha Lisbon, akafundisha mazoezi ya viungo shuleni, na mwaka 1992 akapata kazi ya ukalimani kwa Mwingereza Bobby Robson aliyekuja kuifundisha klabu ya Sporting bila kujua Kireno. Kalimani mwerevu husikia yote. Punde akawa mwenye kuandika taarifa za wapinzani. Akamfuata Robson mpaka Porto na Barcelona, na Robson alipoondolewa, mkuu aliyefuata, Louis van Gaal, akambakiza. Mwaka 2004 alichukua Kombe la Ulaya na Porto. Kwa hiyo yule asemaye kuwa somo la lugha halina faida kwa mtu wa mpira na afikiri tena.

Wasichana nao wasijione wako nje. Sarina Wiegman wa Uholanzi, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya sekondari huku akicheza mpira, aliwekwa kuwa kocha msaidizi wa timu ya taifa ya wanawake mwaka 2014. Alipokabidhiwa timu yenyewe, aliipa Kombe la Ulaya mwaka 2017, kisha akaenda Uingereza akafanya hivyo mwaka 2022 na 2025.

Kwetu Tanzania upo mfano uonyeshao utamu na uchungu wa kazi hii pamoja. Mwezi wa Januari 2024 Taifa Stars ilikuwa Ivory Coast katika fainali za Mataifa ya Afrika. Ilianza kwa kufungwa na Moroko 3–0. Hapo hapo kocha mkuu, Adel Amrouche, akafungiwa na CAF michezo minane kwa maneno aliyoyasema juu ya shirikisho la Moroko, na TFF ikamsimamisha. Timu akapewa msaidizi, Hemed Suleiman, ambaye kwa jina la utani, ajabu ya mambo, huitwa Morocco. Hakupewa wiki ya kujiandaa; michezo miwili ilikuwa mbele yake. Alitoka sare 1–1 na Zambia, kisha 0–0 na Kongo. Tarehe 19 Novemba 2024, Dar es Salaam, timu yake iliifunga Guinea 1–0 ikapata nafasi ya kwenda fainali zilizofuata. Lakini mwezi wa Novemba 2025, kabla fainali zenyewe hazijaanza, TFF iliachana naye na timu ikakabidhiwa Miguel Gamondi. Mtu aliyeipeleka timu mpaka mlangoni siye aliyeingia nayo ndani. Mzazi aulizaye kama kazi hii ina hakika, jibu ni kuwa haina. Mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili. Mkubwa akifukuzwa, msaidizi hufukuzwa naye, au hubaki akitazamwa kwa jicho la shaka, au hupewa timu kwa wiki chache mpaka apatikane mwingine. Mshahara ni mdogo kuliko wa kocha mkuu, na katika vilabu vidogo huchelewa. Ndiyo maana wenye busara huwa na cheti cha pili mfukoni, cha ualimu, cha utibabu wa viungo au cha uhasibu.

Kuhusu vyeti vya mpira, mpango ni huu. Katika Afrika leseni za ukocha hutolewa chini ya CAF, nazo kwa ngazi ni D, C, B, A, na juu kabisa ile ya Pro. Mafunzo ya ngazi za mwanzo husimamiwa na shirikisho la taifa, kwetu TFF. Mtu harushwi ngazi kama mwanafunzi wa kurushwa darasa. Baada ya leseni moja hana budi kufundisha timu kwa muda kabla ya kuomba inayofuata. Kocha mkuu wa klabu ichezayo mashindano ya Afrika hutakiwa awe na leseni A walau. Kwa sababu hiyo msaidizi asiyesoma anaweza kuijua timu kuliko mtu yeyote, na bado asiruhusiwe kuiongoza siku nafasi ikitokea. Masomo yenyewe yana saikolojia, viungo vya mwili, kanuni za mchezo, namna ya kupanga mazoezi, na kuandika. Mtihani wa kushika chaki upo, na upo pia wa kusimama uwanjani mbele ya wachezaji huku mwalimu wako akikutazama kama unafahamika.

Basi kwa kijana aliye shuleni sasa, mwanzo ni mdogo. Aombe kufundisha timu ya bweni lake au ya watoto wa shule ya msingi ya jirani. Ajifunze kuwa mwamuzi, maana atazijua kanuni. Asiache baiolojia. Na aanze kuwa na daftari. Muhula ujao timu yetu ya shule itakuwa na michezo sita, na mwalimu wa michezo ataka wanafunzi wawili, mmoja wa kidato cha pili na mmoja wa cha tatu, watakaoandika habari za mazoezi ya kila siku: nani alihudhuria, nini kilifanywa, nani aliumia. Si lazima mwombaji awe mchezaji. Majina yapelekwe ofisi ya michezo kabla ya Ijumaa ya wiki ya kwanza, na kila mtu aje na kalamu yake.